Nywila za Seva za Kanzidata Zitunzwe Vipi: Somo kwa Halmashauri za Handeni na Korogwe

Wilaya za Handeni na Korogwe mkoani Tanga zina halmashauri nne: Halmashauri ya Wilaya ya Handeni, Halmashauri ya Mji Handeni, Halmashauri ya Wilaya ya Korogwe na Halmashauri ya Mji Korogwe. Miji hiyo miwili imeunganishwa kwa barabara ya lami ya takriban kilomita 65. Imeunganishwa pia kwa maji, kwa kuwa kwa miaka mingi mradi wa HTM umekuwa ukipeleka Handeni maji ya Mto Pangani yanayochotwa upande wa Korogwe. Leo kuna kiungo kingine kisichoonekana kwa macho, nacho ni taarifa za wananchi zilizohifadhiwa katika kanzidata: kumbukumbu za wagonjwa, ankara za maji, leseni za biashara na orodha za watumishi.

Taarifa hizo zote hulindwa na kitu kidogo sana, yaani jina la mtumiaji na nywila yake. Mwananchi anayefika katika dirisha la hospitali hajui kwamba kila anapoandikishwa, programu iliyo mbele ya karani huenda kwenye seva ya kanzidata na kujitambulisha kwa nywila. Nywila hiyo ikivuja, kumbukumbu zake zinaweza kusomwa au kubadilishwa na asiyehusika. Ikibadilishwa bila utaratibu, programu hushindwa kufungua kanzidata na foleni husimama. Kwa sababu hiyo, utunzaji wa nywila za seva ni sehemu ya utoaji wa huduma sawa na utunzaji wa dawa stoo au fedha katika sefu.

Sheria inasemaje

Sheria ya Serikali Mtandao Na. 10 ya mwaka 2019 ndiyo iliyoanzisha Mamlaka ya Serikali Mtandao, e-GA, yenye jukumu la kuratibu na kusimamia matumizi ya TEHAMA katika taasisi za umma. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inafanya kuingia katika mfumo wa kompyuta bila idhini kuwa kosa la jinai. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi Na. 11 ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inamtaka anayekusanya na kuchakata taarifa za watu kuzilinda dhidi ya upotevu, uharibifu na matumizi yasiyoidhinishwa.

Sheria hizo hazielezi ni amri gani iandikwe kwenye kompyuta. Zinaweka wajibu, na utekelezaji wa wajibu huo humfikia Afisa TEHAMA wa halmashauri au wa kituo cha afya. Ni yeye anayepaswa kuonyesha, pale anapoulizwa na mkaguzi, ni nani aliyekuwa na uwezo wa kufungua kanzidata fulani, tangu lini, na kwa kazi gani.

Ni seva zipi zinazohusika

Mifumo mingi mikubwa ya Serikali huendeshwa kutoka katikati. Mfumo wa Ulipaji Serikalini, MUSE, na mfumo wa Tausi unaotumiwa na Mamlaka za Serikali za Mitaa katika ukusanyaji wa mapato ni mifano miongoni mwa hiyo. Afisa wa halmashauri hutumia mifumo hiyo kwa akaunti yake binafsi, lakini hashiki nywila ya kanzidata iliyo nyuma yake.

Hata hivyo, zipo kanzidata zinazobaki karibu na wananchi. Mfumo wa usimamizi wa shughuli za vituo vya kutolea huduma za afya, GoTHOMIS, umekuwa ukisimikwa katika seva zilizopo vituoni. Taasisi za utafiti nazo huwa na seva zake. Mjini Korogwe, Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, NIMR, ina maabara ya utafiti, na Korogwe ilikuwa miongoni mwa vituo 11 katika nchi 7 za Afrika vilivyoshiriki katika hatua ya tatu ya utafiti wa chanjo ya malaria ya RTS,S, ulioandikisha watoto 15,459 kuanzia mwaka 2009. Chanjo hiyo ilipendekezwa na Shirika la Afya Duniani mwezi Oktoba 2021. Uamuzi wa namna hiyo huwezekana tu pale data za kila kituo zinapoaminika kwamba hazikuguswa na asiyeruhusiwa.

Kwa nini mstari wa amri

Seva nyingi za kanzidata huendeshwa na mfumo endeshi wa Linux, na nyingi hazina kioo wala kipanya. Msimamizi huzifikia kwa mbali kupitia mstari wa amri, yaani kuandika maagizo kwa maandishi badala ya kubofya picha. Njia hii hutumia kiasi kidogo sana cha intaneti. Afisa aliyeko Korogwe anaweza kushughulikia seva iliyoko Handeni hata mtandao ukiwa dhaifu, bila kusafiri kilomita 65 kwenda na nyingine 65 kurudi.

Faida ya pili ni skripti. Skripti ni faili la maandishi lenye amri zilizopangwa kwa mfuatano, ambalo kompyuta hulitekeleza tangu mwanzo hadi mwisho. Kazi ya kubadilisha nywila katika seva nne ikifanywa kwa mkono, ni rahisi seva moja kurukwa au herufi moja kukosewa. Skripti iliyojaribiwa hufanya kazi ileile kwa namna ileile kila mara, na huacha kumbukumbu ya kilichofanyika.

Faida hiyo ndiyo hatari yake. Skripti inayohitaji kufungua kanzidata saa nane usiku ili kuchukua nakala rudufu lazima iwe na nywila mahali fulani, kwa kuwa hakuna mtu wa kuiandika saa hiyo. Swali kubwa la somo hili ni moja: nywila hiyo ikae wapi?

Mahali ambapo nywila haipaswi kukaa

Mahali pa kwanza ni ndani ya skripti yenyewe. Skripti hunakiliwa, hutumwa kwa barua pepe na hupelekwa kwenye hazina ya msimbo ili wengine waitumie. Nywila iliyoandikwa humo husafiri pamoja nayo. Ikishaingia katika hazina inayotunza historia, kama Git, kuifuta katika toleo la leo hakuiondoi katika matoleo ya jana. Nywila iliyofikia hapo ihesabiwe kuwa imevuja, na dawa yake ni kuibadilisha.

Mahali pa pili ni kwenye amri. Mtu anapoandika amri pamoja na nywila katika mstari mmoja, amri hiyo huhifadhiwa katika historia ya amri zake, kwa kawaida katika faili la .bash_history. Aidha, katika seva nyingi za Linux, watumiaji wengine wa seva hiyo wanaweza kuona amri zinazoendelea kwa kutumia amri ya ps, pamoja na maneno yote yaliyoandikwa baada yake. Programu ya mysql yenyewe hutoa onyo pale nywila inapoandikwa kwa njia hiyo.

Mahali pa tatu ni kwenye kigeu cha mazingira kinachowekwa wazi kwa muda mrefu. PostgreSQL hutambua kigeu kiitwacho PGPASSWORD, lakini waandishi wa programu hiyo wenyewe hawapendekezi kitumike, kwa kuwa baadhi ya mifumo endeshi huruhusu watumiaji wengine kuona vigeu vya mazingira.

Mahali pa nne panajulikana na kila ofisi: karatasi iliyobandikwa ukutani, daftari lililoachwa mezani na kundi la ujumbe wa simu ambalo hata watumishi waliohama bado ni wanachama wake. Wahenga walisema siri ya mtungi aijuaye kata. Nywila inayojulikana na watu kumi haina kata moja tena, na jambo likitokea hakuna wa kuulizwa.

Mahali panapofaa

Kwa kanzidata ya PostgreSQL, ambayo hutumiwa pia na mfumo wa takwimu za afya wa DHIS2, njia ya kawaida ni faili liitwalo .pgpass katika saraka ya nyumbani ya akaunti inayoendesha skripti. Kila mstari wa faili hilo una mambo matano yaliyotenganishwa kwa nukta pacha: jina la seva, namba ya mlango, jina la kanzidata, jina la mtumiaji na nywila. Ruhusa za faili hilo lazima ziwe 600, maana yake mwenye faili peke yake ndiye anayeweza kulisoma na kuliandika. Ruhusa hizo huwekwa kwa amri ya chmod 600 ~/.pgpass. Zikiwa zimelegezwa, katika Linux PostgreSQL hulipuuza faili hilo kabisa, na skripti hushindwa kuingia. Maafisa wengi hupoteza saa nzima wakitafuta tatizo hilo katika nywila, kumbe liko katika ruhusa.

Kwa kanzidata ya MySQL, kipo chombo kiitwacho mysql_config_editor, ambacho huhifadhi nywila katika faili la .mylogin.cnf. Faili hilo halisomeki kwa macho, lakini lisidhaniwe kuwa ni sefu. Limefichwa kwa kiwango cha kuzuia mtu anayepita kuchungulia, si cha kumzuia anayejua anachotafuta. Ulinzi wake halisi unabaki kuwa ruhusa za faili na usalama wa akaunti inayolimiliki.

Skripti inayotengeneza mafaili ya namna hii ianze na amri ya umask 077, ili kila faili litakaloundwa lifungwe kwa wengine tangu linapozaliwa. Kuunda faili kwanza na kulifunga baadaye huacha mwanya mfupi ambao ndani yake faili liko wazi.

Kila kazi na akaunti yake

Kosa linalogharimu zaidi ni kuzipa programu zote akaunti ya mkuu wa kanzidata. Skripti ya nakala rudufu inahitaji kusoma tu. Programu ya karani inahitaji kusoma na kuandika katika majedwali ya kazi yake. Mtakwimu anayeandaa taarifa ya mwezi anahitaji kusoma majedwali machache. Kila mmoja apewe akaunti yake yenye haki zinazolingana na kazi yake, bila ziada.

Chukulia kituo ambacho programu, nakala rudufu na mtaalamu wa nje wa matengenezo hutumia akaunti moja. Siku mkataba wa mtaalamu huyo unapomalizika, kumwondoa kunamaanisha kubadilisha nywila inayotumiwa na kila mtu, pamoja na hatari ya kusimamisha huduma. Kwa hofu hiyo nywila haibadilishwi, naye anabaki na ufunguo. Endapo kila mmoja angekuwa na akaunti yake, kazi hiyo ingemalizwa kwa amri moja ya kufunga akaunti, na wagonjwa wasingejua kwamba kuna lililotokea.

Akaunti za muda ziwekewe mwisho tangu mwanzo. PostgreSQL ina kipengele cha VALID UNTIL, ambacho huweka tarehe ambayo baada yake nywila haikubaliwi. Kipengele hicho huzuia kuingia kwa nywila tu. Aliyekwisha kuingia kabla ya muda huo haondolewi, na njia nyingine za kuingia haziguswi. Kwa hiyo kisaidie utaratibu wa kufunga akaunti, kisichukue nafasi yake.

Kubadilisha nywila bila kusimamisha huduma

Hatua ya kwanza ni kutengeneza nywila mpya. Nywila ya programu haihitaji kukumbukwa na mtu, hivyo isitungwe na mtu. Amri ya openssl rand -hex 24 hutoa nywila ya bahati nasibu yenye herufi na tarakimu 48. Nywila ya aina hiyo haina alama za mkwaju wala jumlisha, ambazo huleta shida pale nywila inapowekwa ndani ya anwani ya kuunganishia kanzidata.

Hatua ya pili ni kuihifadhi nywila hiyo mahali salama kabla ya kuipeleka kwenye seva. Mpangilio huu una sababu. Umeme ukikatika baada ya seva kupokea nywila mpya lakini kabla haijahifadhiwa, hakuna mtu anayeijua tena. Ikihifadhiwa kwanza, hasara kubwa inayoweza kutokea ni kuwa na nywila ambayo haijaanza kutumika.

Hatua ya tatu ni kuiweka kwenye seva. MySQL kuanzia toleo la 8.0.14 huruhusu akaunti moja kuwa na nywila mbili kwa wakati mmoja. Ya zamani hubakishwa kwa maneno RETAIN CURRENT PASSWORD, programu zikahamishiwa kwenye mpya moja baada ya nyingine, kisha ya zamani ikaondolewa kwa DISCARD OLD PASSWORD. PostgreSQL haina nywila mbili kwa akaunti moja, hivyo hutumika akaunti mbili za kuingilia zinazorithi haki kutoka katika kundi moja. Moja ikiwa kazini, nyingine hupewa nywila mpya, programu huhamia kwake, ndipo ya kwanza hufungwa.

Katika hatua hiyo ipo tahadhari moja. Amri ya ALTER ROLE inayobeba nywila kama ilivyo inaweza kuandikwa katika kumbukumbu za matukio za seva, na yeyote anayesoma kumbukumbu hizo akaipata. Afisa anayefanya kazi kwa mkono atumie amri ya \password ndani ya psql, ambayo huichakata nywila kabla ya kuituma. Skripti nayo ipeleke nywila iliyokwisha kuchakatwa. Mbinu ya uchakataji inayofaa ni SCRAM-SHA-256, iliyoingizwa katika PostgreSQL toleo la 10 mwaka 2017 na kufanywa chaguo la kawaida katika toleo la 14 mwaka 2021. Seva zinazotumia MD5 zinapaswa kuhamishwa, na kwa kuwa seva haiijui nywila yenyewe, kuhama huko hukamilika pale kila nywila inapowekwa upya.

Hatua ya nne ni kujaribu. Skripti iingie kwa nywila mpya na kuuliza swali dogo, mfano SELECT 1. Jibu likirudi, ndipo iendelee. Lisiporudi, isimame na kutoa taarifa, huku nywila ya zamani ikiendelea kufanya kazi. Hatua ya tano, ya kufunga nywila ya zamani, isifanyike kamwe kabla ya jaribio hilo kufaulu.

Mzunguko wa kubadilisha upangwe kwa kuzingatia matukio, si kalenda peke yake. Mtumishi anapohama, mkataba unapoisha, kompyuta inapoibwa au skripti inapogundulika kuwa na nywila ndani yake, nywila husika zibadilishwe siku hiyohiyo. Kazi hiyo ifanyike wakati foleni ni ndogo, na mkuu wa kituo ajulishwe mapema.

Nakala rudufu ni kanzidata pia

Nakala rudufu hubeba taarifa zilezile zilizomo katika kanzidata. Amri ya pg_dumpall, inayonakili pia akaunti za seva, hubeba hata nywila zilizochakatwa. Kwa hiyo seva ikifungwa kwa makufuli yote na nakala yake ikaachwa katika kifaa cha mkononi kwenye droo isiyo na kufuli, hakuna kilicholindwa. Nakala zisimbwe fiche, na ufunguo wa kuzifungua usikae katika kifaa kilekile.

Jambo hilo lina upande wa pili. Ufunguo ukipotea, nakala hizo hazina thamani. Zoezi la kurejesha nakala katika kompyuta ya majaribio lifanyike mara kwa mara, kwa kutumia ufunguo uliohifadhiwa, ili kuthibitisha kwamba vyote viwili vinafanya kazi pamoja.

Afisa asipokuwepo

Vituo vingi hutegemea mtu mmoja. Akiugua, akienda masomoni au akihamishwa ghafla, siri zote huondoka naye. Utaratibu wa zamani wa ofisi bado unafaa: nywila ya dharura ya msimamizi iandikwe, iwekwe katika bahasha iliyofungwa na kusainiwa juu ya kifungio, kisha itunzwe katika sefu chini ya mkuu wa taasisi. Bahasha ikifunguliwa, jina la aliyefungua, saa na sababu viandikwe katika rejesta, na nywila ibadilishwe baada ya dharura kumalizika.

Hata nywila ya kanzidata ikipotea kabisa, seva za PostgreSQL zilizosimikwa kwa mipangilio ya kawaida katika mifumo ya Debian na Ubuntu humruhusu msimamizi wa seva yenyewe kuingia kupitia akaunti ya mfumo iitwayo postgres, bila nywila ya kanzidata. Njia hiyo ni msaada mkubwa, na pia ni ukumbusho kwamba anayeimiliki seva anaimiliki kanzidata. Mlango wa chumba cha seva na akaunti za kuingilia kwa mbali ni sehemu ya ulinzi huohuo.

Orodha ya kuanzia

Kwa halmashauri au kituo ambacho hakijaanza, kazi ya kwanza ni kuorodhesha: seva zilizopo, kanzidata zilizomo, akaunti zilizo hai, kazi ya kila akaunti na jina la anayewajibika nayo. Akaunti isiyo na mwenyewe ichunguzwe, na ikithibitika kuwa haitumiki ifungwe. Baada ya hapo skripti zote zipekuliwe ili kubaini zenye nywila ndani yake, nywila hizo zihamishiwe katika mafaili yaliyofungwa, kisha zibadilishwe. Orodha yenyewe isiwe na nywila hata moja, ili iweze kuonyeshwa kwa mkaguzi bila hofu.

Kazi hiyo haihitaji ununuzi wa programu mpya. Vyombo vyote vilivyotajwa hupatikana bila malipo ya leseni na vinaweza kutumika katika seva zilizopo sasa. Kinachohitajika ni muda wa afisa, idhini ya mkuu wa taasisi na nidhamu ya kurudia, ili mwananchi wa Handeni au Korogwe anayetoa taarifa zake dirishani awe na hakika kwamba zitasomwa na wanaostahili peke yao, na kwamba kesho akirudi atazikuta kama alivyoziacha.